MREJESHO: Kichocheo cha nikeli juu ya alumina kilichogoma kutengeneza methani

Wakuu, niliuliza kwa nini kichocheo chenye nikeli 10% juu ya alumina (oksidi ya alumini) kilibadilisha kabonidioksaidi kidogo mno kuwa methani kwenye nyuzi 350, wakati haidrojeni ilikuwa ya kutosha (4 kwa 1). Aliyesema "angalia rangi" alilenga penyewe.

Unga ulikuwa na ubuluu. Ulichomwa nyuzi 800, nikeli ikajifunga na alumina kuwa aluminati ya buluu, ambayo haidrojeni ya nyuzi 400 haiwezi kuivunja. Kwa hiyo metali yenyewe karibu haikuwepo.

Kundi jipya: alumina ya gama (aina yenye vitundu vingi) gramu 9, nitrati ya nikeli yenye maji sita gramu 4.95 (nikeli gramu 1). Nitrati inayeyushwa kwenye maji yanayojaza vitundu vya alumina tu, inadondoshwa polepole huku ukikoroga. Ikiwa tope, maji yamezidi. Kausha nyuzi 110 usiku kucha, choma 450 kwa saa 4 ukipanda nyuzi 2 kwa dakika, kisha pitisha haidrojeni nyuzi 500 kwa saa 3 ili nikeli iwe metali. Safari hii methani inatoka vizuri.

Mmenyuko huu unatoa joto kali, kwa hiyo changanya na mchanga wa kwatzi na uweke kipimajoto ndani ya kichocheo chenyewe, siyo ukutani mwa tanuri.

La hatari zaidi: ukizima, fukuza gesi zote kwa naitrojeni kabla ya kushuka chini ya nyuzi 200. Kaboni monoksaidi inayoweza kuwa ndani ya gesi hizo ikikutana na nikeli iliyopoa hutengeneza nikeli kabonili, sumu inayoua. Na usikifungulie hewa ghafla, kinawaka.