Bunduki ya babu, Lee-Enfield: nitajuaje thamani yake?

Wakuu, salamu. Babu ameniachia Lee-Enfield, bunduki ya zamani ya jeshi la Uingereza, na vibali vipo. Kwenye chuma kinachoshika kitako, upande wa kulia, pamechongwa taji, herufi GR (za Mfalme George), mwaka 1917 na III* (alama ya toleo). Sitaki kudhulumiwa, maana aliitunza kama mboni ya jicho. Nipige msasa kitako kabla mnunuzi hajaja?

Jibu: Weka msasa chini, mkuu! Mimi yangu niliisugua ikang'aa, nikafuta mihuri ya wakaguzi iliyokuwa kwenye mbao. Mnunuzi alipitisha kidole pale palipokuwa na muhuri, akanirudishia bila neno. Inaniuma mpaka leo. Kwanza hakikisha haina risasi, ndipo upanguse vumbi kwa kitambaa kikavu, basi. Kisha linganisha namba: ya mwilini, ya mtutu, na ile iliyo nyuma ya mkono wa komeo, yaani chuma kinachofunga nyuma ya mtutu.

Jibu: Bei za matangazo zisikudanganye, hayo ni matumaini ya muuzaji. Tafuta bei zilizolipwa mnadani kwa bunduki ya aina hiyo na hali hiyo.

Muulizaji: Nimetazama. Mwili na mtutu vinafanana, komeo lina namba nyingine.

Jibu: Thamani inashuka, ila hiyo ni kawaida kwa bunduki za jeshi, zilikarabatiwa na kubadilishwa vipuri mara nyingi. Usithubutu kuchonga namba mpya, huo ni ughushi. Mwambie mnunuzi ukweli. Je, babu aliacha barua au picha akiwa nayo? Zitunze pamoja.