Ushauri: nina miaka 6 ya uwakili, kampuni mpya inanihesabu wa miaka 3. Nijenge hoja vipi?

Mgeni_wa_Masjala
Wakuu, heshima kwenu. Nimepata ofa ya kampuni kubwa ya uwakili hapa Dar. Niliapishwa Desemba 2019. Miaka 2 ya kwanza kesi za madai, 2 iliyofuata mwanasheria wa benki, 2 ya mwisho wakili mwandamizi kwenye ofisi ya mawakili watano. Ofa inasema "wakili" tu, bila uandamizi. Mshahara 4,200,000 kabla ya makato. Sasa napata 3,500,000. Patna (mmoja wa wabia wanaomiliki kampuni) anasema miaka ya benki haihesabiki, na ya kesi inahesabika nusu kwa sababu idara yao ni ya mikopo na miradi. Nikubali cheo kishuke maadam hela inapanda? Zimebaki siku 5 za kujibu.

Kanzu_Nyeusi
Msomi, usigombee jina la cheo kwanza. Kuna kampuni zenye ngazi tatu, wakili, mwandamizi, patna, basi. Nyingine zina tano. Mwandamizi wa ofisi ya watu watano na mwandamizi wa ofisi ya watu arobaini hawafanani.

Leo hii waulize kwa baruapepe mambo matatu. Ngazi ziko ngapi, na kupanda kila moja kunahitaji miaka mingapi? Mimi mmenihesabu wa mwaka wa ngapi? Na saa yangu mteja atatozwa shilingi ngapi? Hilo la mwisho ndilo linalotoa siri. Ukiambiwa wewe ni "wakili" huku saa yako inauzwa kwa bei ya mwandamizi, hoja umeshaipata hapo hapo.

Halafu ingia e-Wakili (mfumo wa Mahakama wa kumbukumbu za mawakili) ujiangalie kama watakavyokuangalia wao. Miaka inaanza siku ya kuapishwa, siyo ya shahada wala ya kumaliza Law School. Leseni inaisha kila 31 Desemba. Kama ulipokuwa benki kuna mwaka hukuihuisha, pengo hilo wataliona na watalishikilia.

Dada_Rehani
Idara ya mikopo kuhesabu benki sifuri ni kichekesho. Wateja wao si ndio hao hao wakopeshaji? Mwanasheria wa benki anajua barua ya mkopo inavyopindishwa na kamati ya mikopo, anajua rehani inavyokwama kwa Msajili wa Hati, na anajua dhamana iliyowekwa juu ya mali ya kampuni isiposajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa kampuni) ndani ya siku 42 inakuwa karatasi tu mbele ya mfilisi. Hayo wakili wa mwaka wa tatu aliyekulia kwenye kesi hana.

Ila usiyaseme kwa mdomo. Andaa ukurasa mmoja wenye safu nne: aina ya kazi, kiwango cha fedha (weka makundi, mfano "bilioni 1 hadi 5"), ulichoandika kwa mkono wako, na nani aliipitia kabla haijatoka. Safu ya nne ndiyo inayoamua daraja. Anayeandaa rasimu ikasahihishwa nusu ni mdogo. Anayetoa hati ikaenda moja kwa moja kwa upande wa pili ni mwandamizi, hata kama kadi yake haisemi hivyo. Majina ya wateja usiweke, siri ya mteja haiishi kwa kuhama ofisi.

Kwa zile kesi, ingia TanzLII (tovuti ya hukumu za mahakama) uchapishe hukumu tano ambazo jina lako limeandikwa kama wakili uliyesimama. Hizo ni za umma, hazina shida.

Pacha_wa_Bili
Mimi nitasema lisilopendeza. Cheo kikubwa kuliko kazi unayoiweza kitakuumiza zaidi ya kidogo. Tufanye lengo lao ni saa 1,400 za bili (saa anazotozwa mteja) kwa mwaka. Ukitoa wikendi, likizo na sikukuu unabaki na siku kama 225 za kazi, yaani saa 6 na kidogo za bili kila siku. Kazi ya kupekua mafaili ya kampuni inayonunuliwa, mteja hataki kuilipia kwa bei ya mwandamizi. Patna atafanya nini? Ama atampa mdogo kazi hiyo, ama atakupa wewe kisha afute saa zako kwenye ankara. Ukifika Desemba una saa 900, huna mteja wako mwenyewe, na unaitwa "ghali".

Kwa hiyo usidai 6. Dai 5. Benki ihesabiwe kamili, kesi ibaki nusu kama walivyosema. Ukiwaachia hilo la kesi, la benki hawatalikataa kirahisi.

Hesabu_za_Makato
Hiyo 700,000 isikupofushe. NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) 10% ya 4,200,000 ni 420,000. Inabaki 3,780,000; PAYE (kodi ya mshahara) ni 128,000 jumlisha 30% ya kinachozidi milioni 1, yaani 962,000. Mkononi 2,818,000. Kwa 3,500,000 unapata 2,377,000. Tofauti halisi ni 441,000. Kama Bodi ya Mikopo bado inakudai na nyongeza yote imewekwa kwenye mshahara wa msingi, toa pia 15% ya hiyo 700,000: inabaki 336,000.

Uliza pia nani analipia leseni, ada ya TLS (chama cha mawakili) na mafunzo ya kila mwaka. Wengi hulisahau, na kampuni hulikubali bila kubisha.

Kanzu_Nyeusi
Pacha kasema kweli, nakubaliana na 5. Sasa iandikwe kwenye mkataba, siyo kwenye barua ya pongezi. Kitu kama hiki (Kiingereza chake mtakitengeneza wenyewe): "Kwa ajili ya daraja na kupandishwa cheo, Mwajiri anautambua uzoefu wa Mwajiriwa kuwa ni miaka mitano kufikia tarehe ya kuanza kazi." Bila sentensi hiyo, patna aliyekuahidi akihama nawe umebaki na hadithi.

Usiache kazi kabla mkataba haujasainiwa NA ukaguzi wa mgongano wa maslahi haujakamilika. Ofa nyingi hufia hapo: kumbe uliwahi kusimama dhidi ya mteja wao mkubwa. Notisi ya kisheria kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, lakini soma mkataba wako, huenda inasema miezi mitatu. Ukiondoka chukua cheti cha utumishi, na hakikisha kinasema "wakili mwandamizi".

Msomi_wa_Pwani
Wa Zanzibar msinukuu hizo siku 28 kichwakichwa. Huku kuna Sheria ya Ajira yake, Na. 11 ya 2005, na kuapishwa pia ni kwake.

Mgeni_wa_Masjala
Shukrani sana. Nimewapigia. Wanasema 5 wanaielewa, ila hawaandiki sasa. "Tutaliangalia baada ya miezi sita". Nifanyeje?

Dada_Rehani
Kumbuka kwamba aliye chini ya miezi sita kazini hana kinga ya kuachishwa isivyo halali. Kwa hiyo hiyo miezi sita wao hawana cha kupoteza, wewe unacho. Waambie: kama ni mapitio, mkataba utaje tarehe, nani atapitia, na vigezo viwili vinavyopimika, mfano saa 700 za bili na miamala miwili uliyoiongoza kwa upande wa hati. Ukivifikia, daraja lihesabiwe tangu siku ya kuanza kazi, siyo siku ya mapitio; vinginevyo umepoteza nusu mwaka.

Na baada ya simu ile, je, umewaandikia? Tuma leo: "Kufuatia mazungumzo yetu ya mchana, nimeelewa kwamba mnakubali miaka mitano..." Wakinyamaza una karatasi. Wakikanusha, umejua kabla hujaandika barua ya kuacha kazi.