Mjadala: Shule za msingi za serikali Nyamagana na Ilemela, Mwanza, zipangwe kwa nafasi, au tuache?

Mleta mada (Mkolani): Wadau, tangu NECTA (Baraza la Mitihani) iache kutangaza shule kumi bora Januari 2023, matokeo ya darasa la saba yakitoka hakosi mtu wa kukaa na kikokotozi, akapanga shule kwa wastani na kurusha orodha kwenye magrupu. Wazazi wanahamisha watoto kwa kuifuata. Hoja yangu: halmashauri zote mbili zitoe orodha rasmi, kila kata, ibandikwe ofisi ya mtendaji wa kata. Wastani uko hadharani tayari: masomo sita, kila moja alama 50, jumla 300. Shule ikifika 241 ni A, 181 hadi 240 B, 121 hadi 180 C. Tunaogopa nini?

Mwalimu (Nyakato): Mkuu, wastani haudanganyi, ila hausemi unachodhani unasema. Chukua shule ya watahiniwa 25. Mtoto wa alama 185 akiamka na malaria siku ya mtihani akaambulia 60, shule nzima imeshuka alama 5. Kwenye shule ya watahiniwa 250, mtoto huyohuyo anaishusha nusu alama tu. Kwa hiyo shule ndogo zitapanda na kushuka kwenye orodha yako kama mtumbwi ziwa likichafuka, na walimu ni walewale. Angalia miaka mitatu, usiangalie mmoja.

Halafu linganisha kundi lilelile. Waliofanya upimaji wa darasa la nne 2021, wengi wao ndio waliomaliza la saba 2024. Upimaji huo nao jumla yake ilikuwa 300, lakini ugumu wa mitihani hiyo miwili haufanani, kwa hiyo usifanye kutoa alama za mtihani mmoja kwenye za mwingine. Tafuta wastani wa halmashauri kwa kila mtihani, kisha uone shule ilikuwa juu au chini kwa alama ngapi. Iliyokuwa chini kwa 20 la nne na chini kwa 5 la saba imefanya kazi kubwa kuliko iliyokuwa juu kwa 30 ikabaki na 12. Orodha yako itaisifu hiyo ya pili.

Kamati ya shule (Kirumba): Naunga mkono, ila Mwalimu ameruka mchezo wenyewe: idadi. Hesabu waliofanya la nne, kisha waliofanya la saba miaka mitatu baadaye. Wakiwa 140 wakabaki 95, uliza 45 wako wapi. Wamerudishwa darasa? Watoro? Au wazazi "walishauriwa" wawahamishe? Kuna wastani mzuri unaotengenezwa kwa kuwaondoa dhaifu mapema.

Mdau (Buhongwa): Taratibu na shutuma. Huku pembezoni, Buhongwa, Kishiri, Lwanhima, shule mama zinagawanywa. Shule mpya ikisajiliwa, wanafunzi wanagawiwa kwa mtaa na shule ya zamani inapungua ghafla bila mtoto hata mmoja kuacha masomo. Uliza kwanza shule jirani ilisajiliwa lini.

Na hizi shule zilizogawanywa zikaitwa A, B na C kwenye kiwanja kimoja! Kwenye karatasi ni shule tatu, vyoo ni vilevile. Kiwango ni tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, maana yake wanafunzi 1,200 nusu kwa nusu wanahitaji matundu 54. Ukienda kukagua, hesabu milango yenye komeo linalofunga na maji karibu, kwa sababu matundu yaliyojaa nayo huhesabiwa kwenye taarifa. Msichana wa la sita anajua tofauti hiyo kuliko afisa yeyote.

Mdau (Igombe): Watu wa mjini mnasahau mwalo, huku wavuvi wanakoshushia samaki. Igombe na Kayenze mahudhurio yanafuata mwezi. Usiku wa giza dagaa wanavuliwa, asubuhi wanaanikwa, na watoto wakubwa unawakuta mwaloni. Mbalamwezi ikirudi, madawati yanajaa. Aliyetembelea shule siku moja hajaona kitu. Aombe daftari la mahudhurio, asome wiki nne mfululizo. Tena kambi ya wavuvi ikihama, mtoto anaondoka bila uhamisho na jina linabaki kwenye daftari. Shule hiyo utaipangaje na ya Isamilo, mjini?

Kamati ya shule (Kirumba): Fedha nazo. Ruzuku ya serikali ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. 4,000 ni ya vitabu, hainunuliwi shuleni, 6,000 ndiyo inayoingia akaunti ya shule. Shule ya watoto 300 ina 150,000 kwa mwezi. Ya 1,500 ina 750,000. Chaki, umeme wa LUKU, bili ya maji ya MWAUWASA na ukarabati vyote humo. Ndiyo maana shule ndogo ikitaka majaribio ya kila wiki inategemea rimu za karatasi za wazazi, na mtaa wenye wazazi wenye uwezo unapata wastani mzuri.

Mleta mada: Nawaelewa, lakini mama anayeuza samaki Mabatini hatakaa kukokotoa tofauti na wastani wa halmashauri. Orodha mbovu inampa kitu mkononi. Ninyi mnampa kazi.

Mwalimu (Nyakato): Basi apewe karatasi moja isiyo na nafasi: wanafunzi kwa mwalimu, kiwango kikiwa 45, matundu yanayotumika, shule ina zamu moja au mbili, waliofanya la nne na waliofika la saba, na alama shule ilizosogea. Kusoma nako anaweza kupima mwenyewe: ampe mtoto wa la tatu wa shule hiyo kitabu cha la pili, ukurasa wowote.

Kamati ya shule (Kirumba): Nani atajaza? Akijaza mwalimu mkuu, shule zote zitakuwa na tundu kwa wasichana 20. Apite afisa elimu kata, ahesabu mbele ya wajumbe wawili wa kamati, wote watie sahihi.

Mdau (Igombe): Na aandike tarehe aliyopita.