Mashindano ya watoto wapanda farasi Dodoma: tuanzie wapi?

Mlezi_Chamwino:
Wakuu, habari za kazi. Tuna kikundi cha vijana hapa Chamwino, miaka 8 hadi 16. Kuna mdau ana farasi wawili wapole, yuko tayari watumike kufundishia wikendi. Punda tunaweza kuazima sita kwa majirani. Tunataka watoto wajue kutunza na kupanda, halafu kipindi cha Nanenane tufanye mashindano madogo. Waanze kupanda wakiwa na umri gani? Punda anafaa kupandwa? Na mashindano yaweje, maana wengi huku wanajua mbio tu?

KwatoNne:
Mkuu, umri weka pembeni, angalia uzito. Mnyama asibebe zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, tandiko likiwemo. Farasi mpime kwa futi ya fundi cherehani: mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, uzidishe kwa wenyewe, kisha kwa urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, gawa kwa 11,880. Sentimita zinakupa kilo. Kifua 160 na urefu 150 ni kama kilo 323. Asilimia 20 ni 64, toa tandiko la kilo 8, mpandaji asizidi 56.

Kwa punda hesabu hiyo haikai sawa, ila wengi wa huku wana kilo 120 hadi 150. Maana yake mtoto wa kilo ishirini na ushee, basi. Kijana wa miaka 14 juu ya punda wa kuchotea maji ni mateso, hata kama mtaani tumezoea kuona. Wakubwa waongoze kwa kamba na kuendesha mkokoteni.

Kandambili marufuku. Kiatu kifunike mguu na kiwe na kisigino, ili mguu usipenye ukanasa kwenye kikuku cha tandiko, yaani pale pa kukanyagia. Anayeanguka akiwa amenasa huburutwa. Helmeti ya bodaboda ni nzito kwa shingo ya mtoto, tafuteni ya wapanda farasi yenye alama EN 1384 au ASTM F1163. Mkanda wa tumboni kaza, mtembeze farasi kidogo, kaza tena ndipo mtoto apande. Wengi hutunisha kifua wakifungwa, baadaye mkanda unalegea na tandiko linazungukia tumboni. Na kamba ya kuongozea hakuna kuizungusha mkononi, hata kwa mtu mzima.

MifugoKongwa:
Naongezea upande wa afya, maana aliyezoea ng'ombe anaweza kumuua farasi kwa nia njema kabisa.

Josho la amitrazi linalotumika kwa kupe wa ng'ombe usimwogeshee farasi wala punda: utumbo unasimama, tumbo linaziba. Chakula cha kuku au ng'ombe chenye monensini, dawa inayochanganywa humo kiwandani, kinawaharibu moyo kwa kiasi ambacho ng'ombe hata hakisikii. Na mahindi ya ukungu, yale yaliyotengwa kwamba "watampa mnyama", sumu yake inashambulia ubongo. Mnyama anazunguka bila mwelekeo na kugonga ukuta.

Ugonjwa wa farasi wa Afrika unaenezwa na visubi, na hivyo vinauma zaidi kuanzia jua kuzama hadi alfajiri. Farasi aingie bandani kabla ya magharibi, hasa mvua zinapoelekea kuisha. Ukiona vishimo vya juu ya macho vimevimba na povu linatoka puani, wengi hawavuki hapo. Punda huambukizwa bila kuugua sana, kwa hiyo punda mzima si ushahidi kwamba zizi liko salama.

Nyasi kavu kilo 1.5 hadi 2 kwa kila kilo 100 za uzito kwa siku. Maji, lita 30 na zaidi kwa farasi mmoja kwa jua hili. Chanjo ya pepopunda msiiruke.

Mlezi_Chamwino:
Asanteni sana. Kwa hiyo mbio tufute kabisa?

FitoSita:
Futa. Mbio za punda mshindi ni mwenye fimbo, na watoto watajifunza kile kinachopewa zawadi.

Marekani vijana wa 4-H, vikundi vya vijana vya kilimo na ufugaji, wana shindano la kuhukumu: wanasimamishwa wanyama wanne, mtoto anawapanga wa kwanza hadi wa nne, kisha anaeleza sababu kwa mdomo. Punda wanne wa jirani wanatosha, na asiyeweza kupanda anashiriki.

Wapandaji wapite wakipinda kati ya fito sita zilizosimamishwa kwa mstari. Wenzetu wa huko huziachanisha mita 6.4, na kuangusha moja ni adhabu ya sekunde 5. Wenu watembee tu, saa isiwepo. Fito zisimamishwe kwenye makopo ya mchanga. Msizichimbie, fito isiyoanguka inaumiza goti.

Waongozaji: punda avuke turubai, arudi nyuma hatua nne, asimame kamba ikiwa imelegea, atoe kwato zote zisafishwe kuanzia kisiginoni kwenda mbele. Alama 10 kila kituo, fimbo moja kituo kizima sifuri. Punda akiogopa hugoma palepale, tofauti na farasi anayetimka, kwa hiyo kwenye turubai mpeni dakika mbili bila kumvuta. Dakika hizo ziandikwe kwenye kanuni, la sivyo wazazi watapiga kelele.

Uwanja wa Nzuguni wakati wa Nanenane sishauri, spika na umati vitawatimua hao farasi. Chukueni uwanja wa shule, mmalize kabla ya saa nne asubuhi.

MifugoKongwa:
Naunga mkono. Ila kabla ya kuanza, mtu wa mifugo akague kila mnyama: mwenye kidonda cha mkanda au anayechechemea haingii, hata akiwa wa mwenyekiti.