Kupima ulaji (kulika) wa silinda za Land Rover ya zamani: ringi na fila, geji ya teleskopi, au geji yenye saa?

Mkazi wa Raskazone
Ndugu zangu, ninaifufua injini ya petroli ya lita 2.25 ya Land Rover Series IIA iliyotumika miaka mingi katika mashamba ya mkonge upande wa Muheza. Silinda hedi na pistoni nimekwisha kuzitoa, na juu ya kila silinda, pale ringi ya kwanza inapoishia, pana ukingo unaonasa ukucha. Kabla bloku haijaenda kwa wachongaji, nataka nijue mwenyewe kama ringi mpya zitatosha au ni lazima kubori, yaani kuchonga silinda ziwe pana zaidi. Fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mianya), maikromita na geji ya teleskopi (inayotanuka hadi kugusa kuta za silinda, kisha hupimwa kwa maikromita) ninavyo. Geji ya silinda yenye saa sina. Je, kuna haja ya kuitafuta?

Fundi Ngamiani
Anza na ulicho nacho. Chukua ringi mpya, iingize chini kabisa ya silinda ambako ringi za pistoni hazifiki, inyooshe kwa kuisukuma na pistoni iliyogeuzwa kichwa chini, kisha pima mwanya wa ncha zake kwa fila. Ipandishe hadi chini kidogo ya ule ukingo, upime tena. Tofauti ya mianya hiyo miwili ukiigawa kwa 3.14 utapata ongezeko la kipenyo. Ni njia ya bei ndogo, na kwa injini nyingi zinazoletwa gereji inatosha kukuambia kama kuna ulaji mkubwa.

Binti Chumbageni
Fundi, hesabu yako ni sahihi, lakini ringi hujipinda kufuata umbo la silinda, kwa hiyo inakupa wastani wa mzunguko mzima na haiwezi kukuonyesha kwamba silinda imekuwa yai, yaani si duara tena. Na silinda huwa yai kweli, kwa sababu pistoni huegemea kuta mbili zinazokingama kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) kila konektingi rodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, inapokaa mshazari. Juu ndiko kunakolika zaidi: hapo shinikizo la mwako huzisukuma ringi ukutani, joto hukausha oili, na pistoni husimama kabla ya kugeuka, hivyo utando wa oili hukatika. Ongeza vumbi la barabara za shambani lililopita kwenye chujio la hewa lisilosafishwa, na ndipo utakapoelewa ukingo ule umetoka wapi.

Geji ya teleskopi inaweza kupima pande zote mbili, ila inategemea sana mkono. Ukiikaza ikiwa imeinama kidogo, maikromita itasoma kosa lako badala ya silinda. Geji yenye saa unaiwekea sifuri kwa maikromita, unaiyumbisha polepole ndani ya silinda, na unasoma pale sindano inapogeuka, penye kipimo kidogo kuliko vyote. Pima juu, katikati na chini, sambamba na kranki na kwa kukingama. Mimi nisingeamua kubori bila hiyo. Kama bei ni kikwazo, iazime.

Mzee wa Chuda
Wanangu, msisahau joto letu. Chuma cha kipenyo cha milimita 90 hupanuka karibu milimita 0.01 kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Bloku iliyoanikwa juani na maikromita iliyotoka sandukuni havitakubaliana, kwa hiyo viache vilale pamoja kivulini usiku kucha, mpime asubuhi. Mkimaliza, pakeni oili humo ndani, kwani upepo wa bahari haukawii kuleta kutu kwenye chuma kilichofutwa.

Mkazi wa Raskazone
Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote. Geji nimeiazima. Kipenyo cha kiwandani ni milimita 90.47. Silinda ya tatu, ambayo ndiyo mbaya zaidi, inasoma juu 90.72 kwa kukingama kranki na 90.63 sambamba nayo. Chini ni 90.50 pande zote.

Binti Chumbageni
Basi ulaji wa juu ni 0.25, uyai ni 0.09, na tofauti ya juu na chini ni 0.22 upande ulioumia. Ringi ya Fundi ingekuonyesha kama 0.17 hivi, na pengine ungeshawishika kubadilisha ringi tu.

Fundi Ngamiani
Nakubali, hiyo ni ya kubori. Ova saizi (pistoni pana kuliko ya kiwandani) ya inchi 0.010 haitafaa, maana inaishia palepale 90.72 na haiachi chuma cha kusafisha. Nenda inchi 0.020, yaani karibu milimita 0.51. Nunua pistoni kwanza, mchongaji azipime moja moja, kisha kila silinda ichongwe kulingana na pistoni yake na nafasi iliyoelekezwa na mtengenezaji wa pistoni hizo.

Mzee wa Chuda
Marahaba, mwanangu. Na keepu (vifuniko) za beringi kuu za kranki zifungwe kwa toki yake, yaani nguvu ya kukaza iliyoelekezwa, kabla ya kuchonga.