Skripti ya mpelelezi anayemtamani mtuhumiwa: sini ya mahojiano haina moto

KalamuYaUsiku

Wakuu, habari za muda huu.

Nina skripti ya filamu fupi, kurasa 21. Mpelelezi wa Dar anachunguza kifo cha mfanyabiashara aliyekutwa amekufa nyumbani kwake Mbezi Beach. Mwili hauna jeraha. Anayeshukiwa ni mjane. Mpelelezi anaanza kumtamani, anaanza kuficha vitu kwenye jalada, na mwisho hajui tena kama anamlinda au anamwinda. Kamera ni moja, siku za kurekodi 4, waigizaji wakuu wawili.

Nimekwama sehemu tatu. Sini ya mahojiano ina kurasa 6 na inasomeka kama mtihani wa mdomo: swali, jibu, swali, jibu. Halafu, baada ya mahojiano mjane anashtakiwa kwa mauaji, na kurasa 3 mbele yuko hotelini na mpelelezi. Walioisoma wanasema hapo ndipo wanapoacha kuiamini. Mwisho ni kitanda: nakiacha au nakitoa? Bodi ya Filamu lazima iione kabla ya watazamaji, na sitaki ibaki vipandevipande. Ila sitaki pia kumbatio moja na taa kuzimwa.

Filamu niliyoifanya kipimo ni Basic Instinct ya 1992, ya Paul Verhoeven.

MzeeWaRushes

Itazame tena ile sini ya mahojiano, safari hii usitazame miguu ya Sharon Stone anapoikunja na kuikunjua. Fuatilia nani anauliza. Chumba kimejaa wanaume wa serikali, mwanamke ni mmoja, mshukiwa Catherine Tramell (Stone), wakili kamkataa mwenyewe. Anaambiwa humu hairuhusiwi kuvuta sigara, anawasha. Kisha anamgeukia mpelelezi Nick Curran, anamwita kwa jina la kwanza mbele ya wakubwa wake, na kumuuliza swali la kokeini. Hapo kiti kimehama. Curran ana historia ya kokeini na ya kuua watu akiwa kazini, na kila mtu mle ndani anaijua. Cha kujiuliza ni yeye kaijuaje. Jibu linakuja baadaye (jalada la Curran liliuzwa na mtu wa ndani ya polisi), kwa hiyo lile swali ni uchokozi na ni ushahidi kwa wakati mmoja. Hilo ndilo skripti yako imekosa. Majibu ya mjane wako yanatoa habari tu, hayachukui chochote kutoka kwa anayeuliza.

Fanya hivi. Chukua karatasi, chora safu mbili. Kushoto andika anachokijua mpelelezi kuhusu kifo. Kulia andika anachokijua mjane kuhusu mpelelezi. Kama safu ya kulia ni tupu, huna sini, una fomu. Mpe mjane vitu vitatu tu, avitoe kuanzia kidogo hadi kikubwa: alama ya pete iliyovuliwa juzi, kesi ya zamani iliyomfanya mpelelezi ahamishwe kituo, na la tatu liwe jambo ambalo mtazamaji naye hajui bado. Halafu punguza kurasa 6 zibaki 4 na nusu. Mfano:

— Saa nne usiku ulikuwa wapi?
— Jikoni.
— Nani alikuona?
— Hakuna. Na wewe afande, jana saa nne usiku nani alikuona?

Asijibu. Andika kwamba anaangalia karatasi, basi.

Kosa lingine la kawaida ni kumfanya mwanamke ajue kwamba anavutia na acheze hivyo tangu mlangoni. Mtazamaji akishaona mtego dakika ya kwanza, mpelelezi anabaki mjinga kwa dakika zote zilizobaki. Mwache awe na sababu ya kawaida kwa kila anachofanya. Kavua ushungi kwa sababu feni haifanyi kazi, siyo kwa sababu kamera ipo.

Kifungu_na_Popcorn

Nije kwenye kile kinachowatoa wasomaji wako, maana ni tatizo la sheria kabla ya kuwa la hadithi. Tanzania Bara kosa la mauaji halina dhamana. Akishashtakiwa, mjane yuko mahabusu hadi kesi iishe Mahakama Kuu. Hoteli haipo. Curran wa San Francisco anaweza kumfuata Catherine Tramell mpaka klabu kwa sababu hajashtakiwa. Mtu wako umemfunga mwenyewe halafu unamtaka mjini.

Dawa unayo tayari: mwili hauna jeraha. Daktari anafanya uchunguzi wa maiti, anachukua sampuli, zinapelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kutafuta sumu. Mpaka majibu yarudi, huna hata uhakika kwamba kuna mauaji. Mjane anahojiwa, anaruhusiwa kwenda, anaitwa tena. Filamu yako yote ikae ndani ya kipindi hicho cha kusubiri bahasha. Inakupa pia saa inayokimbia bila kuhitaji bomu wala gari: bahasha ikifika kituoni, mapenzi yameisha kwa namna yoyote ile. Na mpelelezi ndiye anayeipokea.

Kingine ambacho waandishi wetu hawakitumii kabisa: muda wa mahojiano. Mtu akishawekwa chini ya ulinzi, polisi wana muda wa msingi wa saa 4 kumhoji. Unaweza kuongezwa hadi saa 8 nyingine, ila kwa utaratibu na kwa sababu. Maelezo ya onyo (yale mtuhumiwa anayoyatoa baada ya kuonywa kuhusu haki zake) yaliyochukuliwa nje ya muda bila kuongezwa hupingwa mahakamani na mara nyingi hutupwa. Sasa fikiria mpelelezi ambaye hataki mwanamke yule atoke chumbani. Anauliza swali moja zaidi, na lingine. Saa ya ukutani inapita muda. Kutamani kwake ndiko kunakoua kesi, na hakuna anayeweza kusema kama alisahau au alikusudia. Usimweleze mtazamaji kwa mdomo. Mweke koplo mlangoni aseme mara moja tu, "Afande, muda," na afukuzwe.

Na maelezo yenyewe. Askari huyaandika kwa nafsi ya kwanza, kama mtuhumiwa anavyosema, kisha humsomea naye husaini. Maana yake mpelelezi wako, mwisho wa sini, analazimika kusoma kwa sauti yake: "Mimi nilimpenda mume wangu. Mimi ndiye niliyemwandalia chai." Yeye ndiye anayetamka "mimi". Mjane anasikiliza, anamsahihisha neno moja, anasaini. Hapo huhitaji mguu wa mtu.

MzeeWaRushes

Hiyo ya kusoma maelezo ni nzuri kuliko sini yote. Mwanzisha mada, malizia hapo.

Wanjiru_wa_Sini

Kama kuna msomaji wa Kenya anayeandika kitu kama hiki: kwetu hesabu ni nyingine. Katiba ya 2010 inataka mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, na hata kwa mauaji anaweza kupewa bondi (dhamana) isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumnyima. Kwa hivyo kwetu mshukiwa aliyeshtakiwa akikutana na mpelelezi hotelini inawezekana kabisa, na hatari inabadilika sura: atakuwa anavuruga masharti ya bondi, na wakili wake anaweza kulitumia hilo kumwangusha mpelelezi. Msinakili skripti ya Dar hadi Nairobi bila kurekebisha hapo.

Kuhusu kitanda, tazama Decision to Leave ya Park Chan-wook, iliyompa tuzo ya mwongozaji bora pale Cannes 2022. Hadithi ni ile ile, mpelelezi na mjane, na hakuna sini ya kitandani kati yao. Mpelelezi anaagiza sushi ya bei ghali wakiwa chumba cha mahojiano. Wanakula, kisha wanasafisha meza pamoja bila kusemezana, mmoja anakunja, mwingine anapangusa, kama watu walioishi pamoja miaka. Anamchunguza kwa darubini kutoka ng'ambo ya barabara, na kamera inamweka ghafla ndani ya sebule yake, pembeni ya kochi. Halafu kinachomfichua mwanamke ni simu iliyohesabu ghorofa 138 zilizopandwa siku ambayo mwenye simu, ajuza, hakutoka nyumbani. Hamu na ushahidi vinapita mlango mmoja. Filamu ya namna hiyo bodi itakata nini?

KalamuYaUsiku

Dah, asanteni. Naondoa mashtaka, naweka bahasha ya Mkemia Mkuu. Kitanda hata hivyo nataka kibaki, sini moja, sekunde 40 hivi. Nisipokionyesha kabisa, mpelelezi hajavuka mstari, kakaa pembeni yake tu. Naomba ushauri wa namna ya kurekodi, na ya chumba cha mahojiano pia. Chumba ni mita 3 kwa 4, taa ni zile za mrija.

LenziHamsini

Anza na taa kwa sababu ndiyo itakayokuharibia siku. Umeme wetu ni 50 Hz. Rekodi fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Ukiweka fremu 24 na shata 1/48, mirija ile na balbu za LED za bei ndogo zinaweza kutoa mawimbi kwenye picha. Kwenye skrini ya kamera huyaoni, unayaona mezani wakati wa kuhariri, na hayatoki. Ukilazimika 24, tafuta pembe ya shata 172.8. Usitumie LED iliyopunguzwa mwanga kwa swichi ya ukutani bila kuijaribu kwanza. Bora uzime mirija yote, utundike taa moja juu ya meza, na dirisha ulizibe kwa kitambaa cheusi, maana jua likihama saa sita mchana sini yako imebadilika rangi.

Meza isizidi sentimita 75 upana. Meza pana inaua kila kitu. Nusu ya kwanza rekodi kwa lenzi za mm 35 na 50, kamera nyuma ya bega la mpelelezi, bega lake lionekane kwenye fremu ya mjane. Yeye mpelelezi awe peke yake kwenye fremu yake. Likija lile swali la "nani alikuona", geuza: sasa bega la mjane linaingia kwenye fremu ya mpelelezi, na mjane anabaki peke yake kwenye fremu yake. Nenda lenzi ya mm 85. Hapo pia ndipo pa kuvuka mstari wa kamera (ule wa kufikirika kati ya waigizaji wawili, ambao kamera kwa kawaida hubaki upande wake mmoja), mara moja tu. Ukiuvuka mara tatu watazamaji watadhani umekosea. Chumba cha mita 3 kitakubana kwa 85, kwa hiyo hakikisha mlango unafunguka ili tripodi irudi nje. Kurasa 4 na nusu kwa staili hii ni siku nzima, usipange kitu kingine.

Sauti: zima feni, AC na friji ya chumba cha jirani. Funguo za gari ziweke ndani ya friji, hamtaondoka mkasahau kuiwasha. Nguo ya mjane iwe pamba; satini inakwaruza maiki ya kifuani kila anapopumua, na kwenye filamu hii pumzi ndiyo kila kitu. Rekodi sekunde 30 hadi 60 za ukimya wa chumba kabla watu hawajatoka.

Kama anavuta sigara, jua kila shoti inataka sigara ya urefu ule ule. Mtu mmoja ashike rula. Kikombe cha chai kinakupa kazi ile ile kwa mikono bila hesabu hizo, na kwa hadithi yako chai ina sumu ya maana zaidi.

Mratibu_Dar

Kitanda ni karatasi kwanza, kamera baadaye. Sini maarufu kuliko zote za Basic Instinct mpaka leo ina mgogoro: Sharon Stone aliandika mwaka 2021 kwamba aliambiwa avue chupi kwa sababu inaakisi mwanga na kwamba hakuna kitakachoonekana, akaja kujionea kwenye onyesho. Verhoeven anakanusha. Usijiweke hapo. Makubaliano ya maandishi, siku kadhaa kabla ya kurekodi, yaseme: sehemu gani ya mwili inaonekana, kutoka upande upi, kwa sekunde ngapi, kama kipande kinaingia kwenye trela na bango, diski yenye rekodi anakaa nayo nani, na mabaki yanafutwa lini. Mwigizaji awe na haki ya kusema hapana hata asubuhi ya siku yenyewe. Basi uwe na toleo la pili la sini tayari, lisilomhitaji avue kitu.

Mazoezi ni kwa nguo kamili. Gawa sekunde 40 katika miondoko 6 au 7 yenye namba: moja, mkono kwenye kola; mbili, anaurudisha chini; na kuendelea. Mwigizaji asibuni chochote palepale. Ikihitajika hatua mpya, simamisha, kubalianeni, rudieni mazoezi. Kati ya miili weka mto mwembamba au kitambaa cha rangi ya ngozi kilichobandikwa kwa tepu ya kitabibu. Jaribu tepu kwenye mkono siku moja kabla, wengine inawatoa vipele. Wanaobaki chumbani ni mwongozaji, mpiga picha, wa sauti, na mwanamke mmoja anayemsimamia mwigizaji. Simu nje, monita ya nje izimwe. Majoho yawe karibu, avae mara tu ukisema "kata".

Kuhusu bodi: Verhoeven mwenyewe alipunguza kama sekunde 40 ili apate daraja la R Marekani (watoto huingia na mzazi) badala ya NC-17 (watu wazima tu), na hadithi haikupoteza kitu. Rekodi kila mwondoko kwa shoti mbili, ya karibu (mkono, shingo, sikio) na ya mbali ya kivuli ukutani. Ukiambiwa kata, unabadilisha shoti, huachi pengo. Muziki usiubandike moja kwa moja juu ya picha ya mwisho kabla bodi haijaona, vinginevyo kila mabadiliko yanaharibu mizani ya sauti.

Na sare za polisi usizitumie bila kibali cha Jeshi la Polisi. Mpelelezi wako avae kiraia, koplo wa mlangoni aonekane kiwiko na sauti tu.

Kifungu_na_Popcorn

Nyongeza ndogo: kwenye sini ya hoteli bahasha iwe tayari imefika, iko ndani ya koti lake, haijafunguliwa. Kwenye miondoko yako 7, wa nne mjane alitundike koti hilo mwenyewe.