Mwayo ule! Marais wote waliochukiwa duniani wakae pembeni, huyu wetu amewapita

Shoka Kali (mleta mada)

Wakuu, leo sina salamu. Mmeona wenyewe jana usiku, na ambaye hakuona ameshatumiwa kile kipande na ukoo mzima. Mheshimiwa kaulizwa swali moja, tena la adabu: wananchi wengi hawakutaki, una mpango gani? Akapiga mwayo. Na si mwayo wa kuficha kwa kiganja. Mwayo wa wazi, wa taratibu, wenye mwanzo, kati na mwisho, meno yote 32 hadharani mpaka kimio kikatupungia mkono. Halafu akasema, swali linalofuata.

Marais waliochukiwa tunawajua. Truman wa Marekani alishuka mpaka 22% kwenye kura ya maoni ya kampuni ya Gallup Februari 1952, vita vya Korea vimekwama, Jenerali MacArthur aliyeiongoza kashafukuzwa, nchi nzima imemnunia. Lakini Truman alikuwa na hasira! Mwaka 1950 alimwandikia barua ya matusi mhakiki wa muziki aliyeiponda sauti ya binti yake. Matusi ni heshima ya aina yake, maana unayemtukana umemwona. Nixon alipofika 24% Agosti 1974 aliwaaga wafanyakazi wake machozi yanamlengalenga. Hollande wa Ufaransa alipoona hatakiwi, tarehe 1 Desemba 2016 alijitokeza mwenyewe akasema hatagombea tena. Wote hao walionyesha kwamba ujumbe umefika.

Huyu? Mwayo!

Nataka aanguke. Sitaki augue, sitaki apate ajali, Mungu ampe umri wa kobe aishi ayaone. Nataka aanguke kisiasa: chama chake kimkane, mabango yashushwe, chawa wake waseme hawakuwahi kumpenda. Mwayo ule ungeweza kumeza bunge zima na spika juu yake. Nawasilisha.

Ngoma Droo

Siti ya mbele nimekaa. Mleta mada umeandika aya nne kuhusu mdomo wa mtu, povu lote hili hujaeleza hata sera moja aliyokosea. Daktari wa meno asingefika huko.

Shoka Kali

@Ngoma Droo sera zake kila mtu anazijua, zina uzi wake. Hapa tunazungumzia mwayo. Ulihesabu ulidumu muda gani?

Mzee wa Takwimu

Vijana, tulieni niwape kitu. Mwili humponza kiongozi kuliko maneno. Tarehe 15 Oktoba 1992, mdahalo wa Richmond, Virginia, Bush baba aliangalia saa yake wakati mwananchi anauliza swali kuhusu deni la taifa na maisha ya watu. Sekunde chache tu. Mwaka mmoja na nusu kabla yake alikuwa na 89% kwa ushindi wa vita vya Ghuba, na Novemba hiyo akaangushwa na Clinton. Saa haikumwangusha, uchumi ndio uliomwangusha. Ila saa ndiyo iliyobaki vichwani mwa watu, kwa sababu ilithibitisha walichokuwa wakikihisi.

Jambo la pili, mnalinganisha vibaya. Ukitaka kulinganisha marais wawili, hakikisha kwanza swali ni lile lile. Gallup huuliza kama unaukubali utendaji wa rais au huukubali, basi. Wengine huuliza kama umeridhika, wengine kama una imani naye, wengine wanakupa ngazi nne za kuchagua. Kila swali lina namba yake. Hollande huyo huyo, uchunguzi uliochapishwa na gazeti la Le Monde Oktoba 2016 ulimpa 4%, wakati nyumba nyingine za takwimu zilikuwa zikimpa zaidi ya 10%. Pili, tazama sampuli. Watu 1,000 wakichaguliwa vizuri, kosa ni kama pointi 3 juu au chini, kwa hiyo 22% ya Truman na 24% ya Nixon huwezi kuapa kwamba ni tofauti. Tatu, tazama alipoanzia. Bush mwana alikuwa na 90% Septemba 2001, akafika 25% mwaka 2008. Huko ndiko kuporomoka. Aliyeanza na 40% akafika 25% hajaporomoka, alikuwa chini tangu mwanzo.

Bundi wa Mchana

Mzee umemaliza. Huyu wetu sasa ana ngapi?

Mzee wa Takwimu

Takwimu zake zinatolewa na watu anaowalipa, sizigusi.

Kijiti

Mwacheni rais wetu. Binadamu anachoka, anafanya kazi mpaka usiku wa manane. Mnataka asipumue?

Bundi wa Mchana

Chawa namba moja kaingia. Karibu kaka, kiti chako kile pale.

Shoka Kali

@Kijiti anayechoka anapiga mwayo akiwa peke yake, au anaomba radhi. Huyu aliupiga kisha AKATABASAMU. Rudia kipande, sekunde ya mwisho, kona ya mdomo wa kushoto.

Kura Mbili Tatu

Mnaombea anguko bila kujua anguko linafanyikaje. Kuchukiwa hakumwondoi mtu. Truman na 22% yake alimaliza muda wake, Bush mwana na 25% yake alimaliza. Anayeondolewa ni yule aliyepoteza watu wa nyumbani kwake.

Tazameni Korea Kusini 2016. Rais Park Geun-hye, Gallup Korea inampa 4%, mitaa imejaa mishumaa kila Jumamosi. Bunge lina viti 300, zinatakiwa kura 200, na wapinzani pamoja na wasio na chama wako 172 tu. Hata wakipiga kelele mpaka mwaka wa pili, 172 haiwi 200. Tarehe 9 Desemba zikapatikana kura 234, maana yake kwa uchache wabunge 62 walitoka chama chake mwenyewe. Mahakama ya Katiba ikamaliza kazi tarehe 10 Machi 2017, majaji wote 8 upande mmoja.

Sasa njooni kwa Rais Yoon, nchi hiyo hiyo. Alitangaza utawala wa kijeshi usiku wa tarehe 3 Desemba 2024. Tarehe 7 wakamwekea hoja, wabunge wa chama chake karibu wote wakatoka ukumbini. Kura 195 zikaingia sandukuni, akidi haikufika 200, hoja ikafa bila kuhesabiwa. Wiki moja baadaye wakarudi kupiga kura, zikawa 204, akasimamishwa. Tofauti ya kufa na kupona ilikuwa watu wachache wa chama tawala waliokubali kubaki kwenye kiti.

Kwa hiyo badala ya kuhesabu meno yake, hesabuni wabunge wake. Nani anagombea jimbo gumu mwaka kesho? Nani alinyimwa uwaziri? Hao ndio wa kuzungumza nao.

Bundi wa Mchana

Ongeza la Zuma wa Afrika Kusini. Agosti 2017 kura ya siri, 177 wanataka aondoke, 198 wanambakiza. Watu tukasema kashinda. Tukasahau kuuliza hizo 177 zimetoka wapi, wakati upinzani wote ulikuwa na viti 151. Nyumba ilishaanza kuungua. Februari 2018 chama chake chenyewe kikamwita arudi, akajiuzulu tarehe 14.

Kura Mbili Tatu

Ndiyo maana yake. Na hatari nyingine ni kumwendea na hoja nyepesi. Clinton baraza la wawakilishi lilimshtaki tarehe 19 Desemba 1998, Gallup ikapanda mpaka 73%. Seneti inadai kura 67, wakaambulia 50 kwenye shtaka moja na 45 kwenye jingine. Ukimshtaki rais kwa jambo ambalo wananchi wanaliona dogo, unamsafisha.

Shoka Kali

Kwa hiyo mwayo ni jambo dogo?

Kura Mbili Tatu

Kisheria ndiyo, mkuu. Hakuna katiba yenye kifungu cha mwayo.

Shoka Kali

Basi irekebishwe!

Binti Tausi

Mimi nyie aliyenikera ni msemaji wake. Asubuhi ya leo katoka na karatasi eti ule haukuwa mwayo, ni kuvuta pumzi. Kuvuta pumzi! Bosi mwenyewe hajakanusha. Huyu dada ana elimu nzuri na kinywa kizuri, anavitumia kutuambia macho yetu yamelala. Mwenye mwayo ataondoka na kipindi chake, wasemaji wanahamia kwa anayefuata na begi lile lile.

Bundi wa Mchana

Dada umenikuna. Wasemaji wafunguliwe uzi wao.

Ngoma Droo

Na wapinzani nao wafunguliwe wao! Hao ndio wanaonitia hasira. Kila uchaguzi wanasimama saba, wanagawana wachukivu, mchukiwa anapita katikati. Senegal 2012 walituonyesha. Rais Abdoulaye Wade duru ya kwanza 34.8%, Macky Sall 26.6%. Waliobaki wote wakasimama nyuma ya Sall. Duru ya pili Wade akabaki na 34.2%, Sall akachukua karibu 66%. Wade hakupoteza watu wake, alikosa wa kuongeza. Wetu hapa wanagombania nani ashike kipaza sauti kwanza.

Kijiti

Senegal wana duru ya pili. Pasipo na duru ya pili, aliyeongoza kwa kura moja kachukua nchi. Msifananishe.

Ngoma Droo

Leo chawa kasema kweli. Pasipo na duru ya pili, umoja unatakiwa kabla ya majina kurudishwa tume. Baada ya hapo karatasi zimeshachapwa, hata ukijitoa jina lako linakula kura.

Paka wa Bandari

Mnajichosha na kura. Burkina Faso tarehe 30 Oktoba 2014 wabunge walikuwa wamepanga kugusa ibara ya 37 ili Rais Compaoré aongeze muda. Watu wakaingia bungeni, jengo likawaka. Kesho yake akaondoka baada ya miaka 27.

Mzee wa Takwimu

Mwanangu, malizia hadithi. Aliyefuata ni jeshi, mwaka uliofuata jaribio la mapinduzi, na mwaka 2022 peke yake mapinduzi mawili. Kuangusha mtu bila kupanga nani anashika nafasi ni kumfungulia mlango mwenye bunduki.

Shoka Kali

Wakuu, turudi kwenye mwayo. Kuna aliyeona waziri aliyekaa nyuma yake? Alianza na yeye kupiga mwayo akajizuia. Mwayo unaambukiza, serikali nzima inaumwa!

Paka wa Bandari

@Mzee wa Takwimu kwa hiyo Wamarekani wao wanajua zaidi? Wao wenyewe walimng'oa Nixon bungeni.

Kura Mbili Tatu

Hawakumng'oa bungeni. Alijiuzulu.

Paka wa Bandari

Alishtakiwa, akang'olewa. Inajulikana.

Kura Mbili Tatu

Kamati ya Sheria ya Baraza la Wawakilishi ilipitisha vifungu vitatu vya mashtaka, tarehe 27, 29 na 30 Julai 1974. Baraza zima halikuwahi kuvipigia kura. Tarehe 5 Agosti kanda ya sauti yake akipanga kuficha kashfa ya Watergate ikatoka hadharani. Tarehe 7 Goldwater, Scott na Rhodes, wote wa chama chake, wakamfuata Ikulu wakamweleza kwamba kura za kumwokoa hazipo. Tarehe 8 akatangaza, tarehe 9 akaondoka. Narudia hesabu ile ile: watu wa nyumbani.

Paka wa Bandari

Ni kitu kimoja. Kasukumwa.

Bundi wa Mchana

Si kitu kimoja. Aliyeng'olewa anaweza pia kuzuiwa kushika cheo tena. Tena Ford, aliyemrithi, alimsamehe tarehe 8 Septemba mwaka ule ule.

Ngoma Droo

Na msamaha huo ukammaliza Ford mwenyewe, alitoka 71% akaanguka mpaka 50% ndani ya wiki chache.

Binti Tausi

Msemaji wa Ford alijiuzulu siku ile ile kwa kuukataa msamaha. Wetu anavuta pumzi.

Paka wa Bandari

Haya, na Rais Andrew Johnson wa Marekani, 1868? Yule aling'olewa.

Mzee wa Takwimu

Kwenye Seneti kura 35 za kumtia hatiani kwa 19, zilitakiwa 36. Kaponea kwa moja.

Paka wa Bandari

Weka majina ya waliomponesha.